Pasi Iliyoshika Mlango

Mwaka umetimia leo, mume wangu, tangu asubuhi ile ulipotoka umeshika viatu mkononi usije ukatuamsha, ukaenda kazini kwenye hoteli ya chemchemi, na hukurudi. Binti yetu alitaka tuandike hapa gazetini kwamba ulitutoka. Nimemwambia afute. Hukututoka, ulitolewa. Waliokutoa walikuwa na bunduki, na waliokusingizia baadaye walikuwa na tai shingoni. Wote wamo katika maneno haya.

Lakini kwanza wewe.

Ulikuwa dobi wa hoteli ile miaka ishirini na miwili. Taulo mia tatu kwa siku, kwa sababu wageni walikuja kuloweka magoti yao katika maji ya moto, na ulikuwa ukisema goti la mgeni halikauki kwa taulo moja. Wenzako walikuita Daktari wa Madoa. Nyumbani hatukuweza kukuficha kitu. Mtoto akipita mbele yako, unatazama ukosi.

"Njoo hapa, bwana. Hili ni chungwa, na hukulila kwetu."

"Baba, umejuaje?"

"Shati limeniambia. Usilinunie, halijui kutunza siri."

Ulikunja kila kitu. Gazeti, mifuko ya karatasi, kitambaa cha meza. Mtandio wangu nikiutupa kitandani, nikirudi nakuta umekuwa mraba, pembe juu ya pembe. Ulisali umesimama, mikono ingali inanuka sabuni, na sala zako zilikuwa fupi mno. Nikikugombeza unasema, "Mke wangu, si tuko wengi? Acha na wengine wasikilizwe." Mimi nilikuwa nakasirika. Sasa nasali ndefu kwa ajili yetu wawili.

Halafu kuna ile pasi.

Mlango wa nyuma wa dobini ulikuwa unajifunga wenyewe, na ukishajifunga haufunguki bila ufunguo, uwe ndani au nje. Ufunguo alikuwa nao msimamizi, na msimamizi akishaufungua asubuhi anaondoka nao. Kamba za kuanikia ziko uani. Kwa hiyo mtu akitoka na beseni la shuka akaachia mlango, yeye kafungiwa nje na wenzake wamefungiwa ndani. Wewe ulichukua pasi ya mkaa ya bibi yako, ile iliyopoteza kifuniko, ukaiweka kizingitini iushike mlango kutwa nzima. Hoteli ikakuandikia barua ya onyo, kwamba mlango wazi unafanya taulo ziibwe. Hukuitoa pasi. Wakakuandikia ya pili. Zote mbili ulizikunja mara nne ukaziweka chini ya mguu wa meza yetu uliokuwa unacheza. Meza mpaka leo imetulia.

Siku ile walikuja vijana wanne. Walipita lango kuu, ndani ya gari la kubebea wageni, wakawakuta wazee wa watu wamekaa majini na nguo za kuogea, wengine hata kusimama peke yao hawawezi, wakawapiga risasi. Walisema wametumwa na Mungu. Mimi naongea na Mungu kila alfajiri tangu nikiwa msichana, na sijapata kumsikia akimtuma mtu kumpiga risasi bibi kizee anayeuguza miguu. Wamemsingizia na Yeye pia. Kwa hilo uko katika kundi zuri, mume wangu.

Yaliyotokea dobini tuliyajua kwa yule mama mpiga pasi mliyezoea kumwita Bi Mvuke. Alikuja nyumbani wiki ya tatu, akakaa jikoni bila kuvua viatu, kama mtu anayetaka kukimbia.

"Dada, wametuambia anayesema amejifukuzisha kazi. Lakini mimi silali."

"Sema basi," nikamwambia. "Kazi anatoa Mungu."

Akasema mlisikia kama mabati yanaanguka. Ukasema hayo si mabati. Ukawatoa wote saba uani kwa ule mlango, ukatoka na wewe, ukahesabu vichwa. Yeye akakushika mkono, akakuambia, "Mzee, tumepona, twende." Ukamjibu, "Wageni hawapajui huku. Pale koridoni kuna kibao kinasema wasipite." Ukarudi. Ulitoka na watu sita wamejifunga taulo, wanatetemeka. Ukarudi tena, ukatoka unasukuma toroli la shuka, na ndani yake bibi mmoja asiyeweza kutembea, ameshika kiatu kimoja. Bi Mvuke anasema ulimtania yule bibi kwa ishara za mikono kwamba hujawahi kufua kitu kizito hivyo, na yule bibi akacheka huku analia. Kisha ukarudi.

Uliingia mara tatu, ukatoka mara mbili.

Nitakuambia na hili mbele ya watu, maana sijawahi kukuficha kitu. Nina hasira na wewe pia. Mara mbili zilitosha. Mtoto wa mwisho ana miaka tisa. Zilitosha, mume wangu. Nikishasema hivyo, namkumbuka yule bibi na kiatu chake.

Siku ya pili tu, kabla hata hatujapewa mwili wako, meneja alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema mlango wa nyuma ulikutwa wazi, umeshikizwa kwa pasi, kinyume cha taratibu, na kwamba wanachunguza kama kulikuwa na mtu wa ndani. Hakusema ni wewe. Hakuwa na haja. Mji mzima ulijua pasi ile ni ya nani.

Kufikia jioni ulikuwa umewafungulia wauaji.

Wapelelezi walikuja kupekua. Walivuta kabati, wakamwaga nguo zote sakafuni, zile ulizozikunja kwa mkono wako siku mbili nyuma. Hazikuwa na kitu ndani. Nilimwambia yule aliyekuwa anakung'uta mashati, "Baba, zikung'ute polepole, aliyezikunja hatakunja tena." Akajibu anafanya kazi yake. Nami nikakaa pale sakafuni nikajaribu kuzirudisha kwenye mikunjo yake, sikuweza. Shati moja tu walilisahau juu ya kabati. Hilo halijaguswa na halitaguswa.

Maziko yako yalikuwa na watu wachache. Mwenye duka la kona alianza kutuhudumia bila kuinua macho. Mtoto wetu wa mwisho alirudi shuleni mdomo umevimba. Nikamuuliza kapigana na nani. "Na mwenzangu wa darasa. Amesema baba aliwafungulia wauaji mlango." Nikauliza, "Ukamjibu nini?" "Nimemwambia ndiyo, aliwafungulia waliokuwa ndani." Hakuna mtu mzima aliyemfundisha maneno hayo.

Mwezi wa saba uchunguzi ukaisha. Nilikwenda mimi na kaka yako dereva, tukasomewa. Waliingia kwa lango kuu. Mlango wa nyuma hawakuufikia. Watu kumi na wanne walipona kwa mlango ule, na usingekuwa wazi wote wangekutwa humo ndani. Tukasubiri meneja asimame tena mbele ya waandishi wale wale. Hakusimama.

Mwezi uliopita aliniita, nikaenda na kaka yako. Walikuwa wanaandaa sherehe ya kufungua hoteli upya, na alitaka nikae kiti cha mbele, nikabidhiwe shada la maua.

"Nitakuja," nikamwambia. "Ila kabla ya maua, useme kwa kinywa chako kwamba si yeye aliyewaingiza."

"Mama, wewe unajua si yeye. Na sisi tunajua."

"Mimi nilijua tangu mwanzo. Waambie uliowaambia."

Akavuta pumzi, akasema wageni ndiyo wanaanza kurudi, haifai kuwakumbusha mambo ya milango.

Nikamwambia, "Basi kaa na maua yako." Kaka yako anasema nilisema kwa sauti ya chini sana, ndiyo maana yule bwana alirudi nyuma na kiti.

Kwa hiyo meneja hakulisema, tunalisema sisi. Tumeliandika hapa liwafikie wote, mwenye duka la kona akiwemo: mume wangu hakumfungulia mlango muuaji yeyote. Aliwafungulia waliotaka kuishi, na pasi ile hoteli iliikataza mara mbili kwa maandishi.

Watu wa ibada wenzangu wananiambia nisamehe. Ninaiomba nguvu hiyo kila siku. Haijafika. Ikifika nitawajulisha.

Pasi yako imerudi. Niliifuata kituoni mara tano, mara ya tano wakanipa, imefungwa karatasi yenye namba. Askari wa stoo akauliza, "Mama, chuma kibovu hiki unakwenda kukifanyia nini?" Nikamjibu nakirudisha kazini.

Tangu walipokuja kupekua nilikuwa nafunga mlango wetu mchana kutwa, kwa sababu watu walikuwa wanapita wakichungulia. Sasa asubuhi nikishamaliza kusali naufungua mpaka mwisho, naweka pasi kizingitini. Anayetaka kuuliza habari zako aingie aulize. Kiti kipo, na meza haichezi.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Mama yako mzazi, ambaye bado anakuwekea taulo lako kando. Binti yako fundi cherehani. Wanao wawili walioko shule. Kaka yako dereva na dada yako muuguzi. Mashemeji na wakwe zako. Bi Mvuke na wenzako sita wa dobini. Pamoja na yule bibi wa toroli, aliyetuandikia kutoka kwao akauliza kaburi lako liko wapi.

Mungu akupokee, na akuruhusu kuzikunja nguo za huko. Wewe tutakukumbuka daima. Wao tutawakumbusha.