Amen Niliyoandika Kabla ya Kusoma

Rispa, Nyar Bondo, binti wa Bondo, rafiki yangu,

Najua hupendi barua inayozunguka. "Weka neno lako juu, Mama Hawi," ulikuwa ukiniambia, "salamu zitafuata zenyewe." Basi naliweka juu. Ule ujumbe wako wa mwisho kwenye kundi, ule wa Jumapili, sikuusoma. Niliuandikia Amen nikaendelea kusonga ugali. Nakuandikia kukuomba msamaha, na kukueleza tulichofanya baada yako.

Unaijua Jumapili yetu. Kundi ni la wazazi wa watoto wenye selimundu, huu ugonjwa wa damu unaowalaza watoto wetu kwa maumivu ya mifupa, lakini Jumapili asubuhi hugeuka kanisa. Huyu anatuma sala, yule mstari, mwingine picha ya maua yenye baraka. Tunajibu Amen, Amen, Amen, mpaka simu yangu ikazoea. Nikibonyeza A tu, inaniletea neno zima. Ujumbe wako ulianza na "Bwana asifiwe, wapendwa." Ukashukuru kwa wiki iliyopita, ukawataja kwa majina watoto waliotoka hospitalini, ukatukumbusha kuwapa maji ya kutosha. Hapo simu ikaukata, ikaweka yale maneno ya buluu: soma zaidi. Nani anabonyeza soma zaidi kwenye maombi? Nilijibu. Tulijibu wote.

Jumanne asubuhi ukatutoka.

Kundi likanichagua niandike neno la kusoma kwenye mazishi. Nikakaa saluni kabla wateja hawajaja, nikarudi nyuma kwenye simu nikitafuta misemo yako, ile ya kutuchekesha. Nikafika kwenye Jumapili. Nikabonyeza maneno ya buluu. Chini kabisa, baada ya maji na baraka, ulikuwa umeandika: "Mwisho, kama kuna mwenye nafasi kesho anisindikize hospitali. Kifua kinanibana tangu Ijumaa. Naogopa kwenda peke yangu."

Rispa. Wewe! Wewe uliyetufundisha sote kuweka shida juu, ya kwako ukaificha chini kama mtu anayeomba radhi kwa kuumwa. Nilikukasirikia siku hiyo, nitakuwa muongo nikikuficha. Halafu nikaikasirikia Amen yangu, iko palepale chini ya maneno yako, ya tatu kutoka juu. Nikajaribu kuifuta. Simu ikakataa, muda wa kufuta umepita. Nikalia mpaka mteja wa kwanza akaingia akadhani nimefiwa upya.

Tulikuzika Nyakach, nyumbani kwa mume wako, mwendo mfupi kutoka Pap Onditi. Nilisimama kando ya jeneza nikasoma maneno mazuri na watu wakatikisa vichwa, na mimi peke yangu, nilivyodhani, nikijua kwamba uliomba mtu mmoja tu akushike mkono na hukumpata. Sijui kama tungekupeleka Jumatatu ungekuwa hai. Sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba uliogopa, na uliogopa peke yako.

Baada ya matanga nilikwenda kwako Kaloleni kumwona binti yako. Lavenda alikuwa anakunja nguo zako, zile za kitenge, polepole, maana selimundu ilikuwa bado inamuuma mikononi. Nilikuwa nimejipanga nimwambie kwa utaratibu, lakini nikajikuta nimeropoka yote mlangoni. Hakushtuka. Akaketi juu ya kitanda chako akasema, "Auntie, mimi nilikuwa tu chumba hiyo ingine. Hata mimi niliandika Amen." Kisha akasema, "Mama alijua mimi sisomangi hizi message zake ndefu. Ndio maana aliweka huko."

Nilimkumbatia. Kisha tukamalizia kukunja nguo zako pamoja.

Unakumbuka tulivyojuana? Hawi alikuwa na miaka miwili, ndiyo kwanza tumeambiwa ana ugonjwa huu, na mimi nikamwaga moyo wangu wote kwenye kundi bila nukta wala mstari mpya. Nilianza na mama mkwe, nikapita kwa baba yake aliyehama, nikafika kwa daktari asiyenitazama usoni. Watu wakaniandikia pole, pole sana dia. Wewe ukanipigia simu. "Wewe Mama Hawi, hii gazeti yote nani atasoma? Mtoto anaumwa wapi sahii?" Nikakwambia vidole vimevimba na hataki kunyonya. Ukaandika mistari mitatu kwenye kundi kwa jina langu, majibu yakaja, na kabla sijamaliza kupanguza machozi nilikuwa najua dawa gani nimpe na saa ngapi nikimbilie hospitali. Nilikuuliza umejifunza wapi. Ukaniambia ulivyokuwa ukiwapigia watu chapa barua kwa taipureta, na baadaye kwa kompyuta ya saiba, ukimuuliza kila mteja swali moja: "Mkubwa akimaliza kusoma, unataka afanye nini?" Asipojua, hukugusa kibodi.

Swali hilo nimelirithi. Niliporudi kutoka Kaloleni nililiandika juu ya kundi pale kwenye maelezo, kwamba mtu aanze na jina la mtoto, au lake kama ni yeye anayeumwa, kisha aseme anataka nini. Kama anataka tu kusikilizwa, aseme nataka tu kusikilizwa, hiyo pia ni haja. Aache nafasi kati ya jambo na jambo, macho yapumue. Na anayejibu ataje kitu kimoja alichokisoma. Amen ije mwisho, baada ya hapo.

Ee, nilichokiona! Mzee Odhiambo, mwalimu wetu mstaafu anayemlea mjukuu wake, akanishukia. "Kwa hivyo sasa maombi imekuwa makosa? Mama Hawi, wewe ni nani ya kukatalia watu jina ya Bwana?" Unamjua, akiandika ni kurasa mbili, na hizo mbili zilikuwa zangu. Wengine wakamuunga mkono. Wawili wakatoka kwenye kundi. Nikadhani nimeliua kundi lako kwa mkono wangu, na usiku... la, sikuanza barua hii kujihurumia.

Nilimwomba Lavenda ruhusa, akanipa. Nikauleta tena ujumbe wako wa Jumapili, safari hii mistari yako ya mwisho peke yake, juu, bila kitu kingine. Nikaandika chini yake kwamba mimi ni mmoja wa waliojibu Amen. Simu ilionyesha Mzee Odhiambo anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Nikasubiri kurasa zangu mbili. Likaja neno fupi: "Nilisoma ya juu tu. Mungu anisamehe. Nyar Bondo anisamehe." Hajawahi kuandika kifupi namna ile tangu azaliwe.

Sasa tuna zamu. Kila siku kuna mtu mmoja wa kufungua kila ujumbe mpaka chini na kuandika "nimesoma" kabla ya wengine kuingia. Yule mama wa Pap Onditi asiyejua kuandika bado anatuma sauti yake kwa Dholuo, dakika tano, kuku wakigombana nyuma. Zamani ulikuwa unamsikiliza wewe na kutuandikia kwa mistari miwili. Sasa ni mimi. Naiegemeza simu kwenye kopo la mafuta ya nywele nikisuka, nasikiliza yote, mara nyingine mara mbili, maana jambo lenyewe hulisema mwishoni kwa sauti ya chini, kama wewe. Nikimwandikia vizuri ananirudishia sauti ya neno moja, erokamano, asante, na mteja wangu anaitikia kwa niaba yangu.

Si kila siku tunaweza. Juzi zamu ilikuwa yangu na niliupita ujumbe wa mtu mpaka saa nane mchana. Nilimwambia nimechelewa, pole, na sasa nimesoma. Alisema afadhali kuchelewa kwako kuliko picha ya maua.

Nimefika kwa lile lililonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita Lavenda aliandika kwenye kundi kwa mara ya kwanza tangu uende. Mistari mitatu. "Mimi ni Lavenda. Jumanne naenda kliniki. Naogopa kwenda peke yangu."

Nilikuwa na kichwa cha mtu mikononi, nusu kimesukwa. Kabla sijafuta mafuta vidoleni, Mzee Odhiambo alikuwa ameshajibu: "Nimesoma, nyathina, mtoto wangu. Unaogopa kwenda peke yako. Nakuja." Wa pili akajibu hivyohivyo, na wa tatu. Tulifika watu tisa kliniki, Nyar Bondo. Tisa! Mama wa Pap Onditi alitoka nyumbani kabla ya jua na chupa ya uji. Tulijaza benchi lote, na nesi akatutazama kutoka mwanzo hadi mwisho akauliza, "Kwani mgonjwa ni gani hapa?" Lavenda akainua mkono, anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Nyakach.

Ilibidi utuone. Ilibidi lile benchi liwe lako.

Ahadi yangu ni hii: Lavenda hatakwenda kliniki peke yake nikiwa na miguu. Na sitaweka mkono juu ya ujumbe wa mtu kabla sijafika chini yake, hata kama umeanza na sala ndefu kuliko ibada.

Oriti, kwaheri, rafiki yangu. Lala vizuri huko Nyakach. Jibu lako nimechelewa nalo, lakini ni lako, nakupa kama nilivyopaswa kukupa Jumapili ile: nimesoma, Rispa. Kifua kinakubana na unaogopa. Ngoja nivae viatu, nakuja.

Wako,
Mama Hawi