Maksai wa Upande wa Kushoto

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Nimemkosea kaka yangu Tluway. Nimechinja maksai wake akiwa hai.
Siku alipozidiwa, daktari alituita hospitali tukamuage. Mashine ndiyo inampumulia. Nikarudi Karatu nikijua hafiki asubuhi. Watu wa msiba wameshajaa uani — watakula nini? Nikamchinja Jenerali, yule anayevuta jembe upande wa kushoto. Kulipokucha kaka kafumbua macho. Walipomtoa mashine, kaomba uji!
Kesho anarudi nyumbani. Hajui.

Jumanne, 12 Novemba
Kafika. Shati linamning'inia kama liko kwenye kamba. Watoto wanamchungulia mlangoni. Kawaambia yeye si mzimu, mzimu hauombi chumvi.
Mkewe, shemeji Marsela, halali. Kaka akikoroma, analalamika. Akinyamaza, anamwamsha.
Nyama iliyobaki ilikuwa kwenye friza. Shemeji kaipikia supu. Kaka kamaliza bakuli mbili, kasema supu hii ndiyo itamrudisha shambani. Mimi nikatoka nje. Shemeji akanifuata.
"Shemeji, mwambie mwenyewe. La sivyo nitamwambia mimi amekunywa nini."

Alhamisi, 14 Novemba
Mvua imeanza. Kaka kauliza ng'ombe wake wa kulimia. Nikasema Kanali yuko bandani, Jenerali nimempeleka malishoni, Baray. Uongo juu ya kosa!
Jirani Patrisi alikuwepo. Eti malisho ya huko mazuri sana, ng'ombe akifika hataki kurudi. Wote kicheko, hata kaka. Mimi jasho tu.

Jumapili, 17 Novemba
Tumetoka misa, kaka hayupo kitandani. Shemeji kapiga yowe. Kumbe yuko bandani na fimbo yake, anamwangalia Kanali. Kanali kasimama kulia kama kawaida yake, kushoto kamwachia mwenzake nafasi.
Kaka hakugeuka. Kauliza polepole, ile supu ilikuwa ya upande wa kushoto?
Nikasema ndiyo. Nikaeleza yote, watu, uani, kisu. Akacheka mpaka akakohoa. Nikadhani yameisha.
Halafu akasema, "Mdogo wangu, hata asubuhi hukunisubiri?"
Nimemwambia nampa maksai wangu, Bishoo. Kaka kasema Bishoo kazoea upande wa kulia, na wawili wa kulia kwenye nira moja watapigana. Kweli. Basi kuanzia kesho namfundisha kushoto, hata anikanyage. Jumamosi tarehe 23, kabla jua halijawa kali, nitamfunga na Kanali nilime shamba la chini la kaka lote, halafu Bishoo abaki kwenye banda la kaka moja kwa moja.
Kaka kashika ukuta, karudi ndani. Mlangoni ndipo akasema:
"Jumamosi njoo. Ukinikuta nimelala, subiri niamke."
Nitasubiri.