Rimu ya Trekta na Chumba cha Mama Mkwe

Usagara,
S.L.P. 27,
Misungwi,
Mwanza.
21 Agosti, 1994.

Mpendwa Shangazi Bernadeta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na yale magoti yako yamepata nafuu sasa baridi ya Mbozi inapoanza kupungua. Nikiwasimulia watu wa hapa kwamba kwenu mwezi wa saba mtu huvaa koti mchana kweupe, wanasema nimeanza uongo ukubwani. Paulo hajambo? Mkewe na watoto wanaendeleaje? Na kahawa, mmeivuna salama?

Sisi huku ni wazima wa mwili. Nyanya zilikubali mwaka huu, ila kabichi tumegawana na wadudu, na wadudu wamepata fungu kubwa. Kule ziwani tunakochota maji ya kumwagilia, magugu maji yamejaa mpaka inabidi uyasukume kwa mti ndipo ndoo izame. Watoto wawili wakubwa ninao hapa, wanasoma vizuri. Mdogo yuko na mama yake. Nitakueleza kwa nini, na ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Kwanza, Shangazi, ile barua niliyokuandikia mwezi wa sita, ambamo nilijigamba kwamba mwizi wa rimu ya trekta nimemjua na kwamba anatoka ukweni kwangu, naomba uichane. Kama umeshamsomea Paulo, mwite umwambie kwamba binamu yake alisema uongo. Sikuwa na hakika. Nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu unaijua tangu nikiwa mtoto wa kupigana na mbuzi.

Unakumbuka ulivyoniandikia mwaka jana kwamba unataka kurudi nyumbani kulima, na kwamba lile trekta dogo la bustani alilotuachia marehemu mumeo, Baba Paulo, nilifufue, linifae mimi na baadaye likufae wewe. Nilifurahi kuliko nilivyokuambia. Nililitoa bandani, nikafukuza kuku waliokuwa wanatagia kwenye kiti chake, nikamwita Antoni, fundi wa baiskeli na pampu hapa njia panda, tukaanza kazi.

Vipuri, Shangazi, ni habari ndefu. Zamani maduka yalikuwa rafu tupu na muuza duka amelala. Siku hizi kila kitu kimeruhusiwa, maduka ya mjini Mwanza yamejaa mpaka barazani, lakini vilivyojaa ni vya magari ya Kijapani. Ukitaja trekta lako, muuzaji anakutazama kama umemuulizia meno ya babu yake. Ringi za pistoni tulipata zinazofanana, za mashine ya kusaga, Antoni akazipiga tupa mpaka zikakaa. Kabureta tulitia ya pampu ya maji. Magneto, ile ya kutoa cheche za injini, nilivuka nayo kivuko cha Kigongo kutoka Sengerema, imefungwa kwenye shuka, nimeipakata kama mtoto mchanga, maana kule kuna trekta pacha lililokufa kwenye shamba la pamba na mwenyewe alikubali nilifungue.

Siku lilipowaka, watoto wa shule walijaa uani. Liliunguruma, Shangazi, likatoa moshi mweusi, halafu mweupe, halafu likatulia likawa linapumua vizuri. Mke wangu Odeta alipiga vigelegele. Ila lilikuwa linaungurumia juu ya mawe, kwa sababu gurudumu moja la nyuma halikuwapo. Tairi tulilikuta pembeni ya banda limechakaa, lakini rimu yake haikuwapo kabisa. Na rimu ile haina ndugu mjini. Ina matundu sita ya bolti na upana wa peke yake. Antoni alisema tukiungaunga nyingine kwa kuchomelea, trekta litatembea kama bata.

Mimi nikaamua kwamba imeibwa. Nani alifungua bolti sita, akatoa tairi, akaacha tairi akachukua chuma? Nikasema huyo ni mtu anayelijua banda letu. Na hapa ndipo kosa langu lilipoanzia: sikumuuliza mtu. Niliogopa nikiuliza wazi, mwizi atashtuka aiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita siku hizi. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini mimi nilijiona mpelelezi. Nikawa napita kwenye nyua za watu nikijidai nasalimia, macho yako kwenye mabanda yao.

Ndipo Antoni akaniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kwenye pombe ya mavuno aliona rimu jikoni kwa mama mkwe wangu. Ndiyo anayoinjikia chungu kikubwa. Hakusema ni ile yangu. Mimi ndiye niliyesema. Usiku huohuo nikakuandikia barua.

Shangazi, wewe ndiye uliyenifundisha mambo ya ukweni wiki niliyooa. Uliniambia mkwe hapewi mkono, mkwe hali nami chungu kimoja, nikikutana naye njiani nipishe majanini nitazame pembeni mpaka apite, na chumba anacholala nisijue hata mlango wake umeelekea wapi. Nimelishika neno lako miaka yote hii. Mama yake Odeta naye amelishika. Kanisani hutoka kwa mlango wa ubavuni ili tusikabiliane, na wali wa sikukuu hunipelekea kwa mkono wa mtoto. Hatujawahi kukosana, wala kusemana vibaya.

Basi mwezi wa saba, siku ya mnada, nilijua watu wote wa kule wamekwenda kuuza na kununua. Nikaenda. Sikubisha hodi, na hapo ujue mwenyewe nilikuwa nimekwenda kama nani. Niliingia jikoni kwake. Rimu haikuwapo, ila pale ilipokaa palikuwa na alama ya duara kwenye majivu. Nikasema moyoni, ahaa, wameshaificha. Nikaingia nyumba kubwa. Nikaona pazia. Shangazi, mkono huu ninaoandikia ndio uliolisogeza.

Mama mkwe alikuwa amelala. Homa ilikuwa imemshika tangu jana yake, wakamwacha apumzike, na kwa kuwa alikuwa anatetemeka walimletea moto wa makaa ndani ya ile rimu, wakauweka karibu na kitanda. Alikuwa amejifunika khanga moja, nayo ilikuwa imeteremka. Siandiki zaidi ya hapo. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili kabla hajajifunika mwili, akaniuliza kwa sauti ya mgonjwa, taratibu, "Baba, unatafuta nini humu?"

Mtu mwenye akili angepiga magoti. Mtu mwenye nusu ya akili angekimbia. Mimi nilijibu, "Rimu."

Nilipolisema neno lile niliiangalia ile rimu, na hata kipofu angejua kwamba ni ya lori. Ingemeza ya trekta letu na nafasi ingebaki. Nikarudi kinyumenyume mpaka nje. Njiani nilikutana na watu wakitoka mnadani wakanisalimia vizuri, nami nikawaitikia vizuri, kana kwamba sikutoka popote.

Odeta alijua jioni. Laiti angenitukana, ningejua pa kushika. Alimbeba mtoto mdogo mgongoni, akasema mama yake ni mgonjwa na anahitaji mtu wa kumpikia uji. Homa iliisha kitambo, Shangazi. Odeta hajarudi. Watoto wanakula ugali wangu kwa heshima tu, na mkubwa ameanza kuniuliza kama mama atakuja kabla shule hazijafunguliwa. Namjibu kwamba nyanya yake bado hajapata nguvu. Hiyo nayo ni aibu, kumdanganya mtoto.

Sasa nisikilize lililonimaliza. Jumapili mbili baadaye nilikwenda kigangoni mapema kuliko wote, maana sikutaka kuingia watu wakiwa wamekaa. Katekista Nestory alikuwa anafagia. Akaniomba nimpigie kengele, kama ninavyompigia mara nyingi. Unakumbuka kwamba kigango chetu hakina kengele ya kununua. Kimetundikwa chuma mtini na kinagongwa kwa bolti nene. Nikashika bolti nikagonga mara moja. Nilipokizuia kwa mkono kisizunguke, vidole vikaingia kwenye tundu. Nikahesabu matundu. Sita. Nikakwangua kutu kwa kucha, chini yake nikaona rangi ya kijani ya trekta letu.

Rimu ile nimeigonga kwa mkono wangu sijui mara ngapi. Kila Jumapili imeniita kwa jina, nami nikaenda kuitafuta chumbani kwa mama mkwe.

Nilimuuliza Nestory imetoka wapi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumuuliza mtu swali hilo, Shangazi, na jibu lilikuja hapohapo wala hakuacha kufagia. Alisema Baba Paulo aliitoa wiki mlipohamishiwa Mbozi, mimi wakati huo nikiwa kibarua Sengerema kwenye kiwanda cha pamba. Alisema akina mama wa kigango walikuwa wanachelewa ibada kwa sababu hakuna saa wala kengele, wakamtuma mmoja wao akamwombe Baba Paulo chuma chochote kinacholia. Nikauliza walimtuma nani. Nestory akashangaa sana kwamba sijui. "Si mama mkwe wako," akasema. "Yeye na Baba Paulo ndio walioibeba mpaka hapa."

Kwa hiyo katika watu wote wa Usagara niliyemshuku mimi ni yule aliyejua rimu iko wapi. Ningemtuma Odeta aulize, ningejibiwa kabla chai haijapoa. Labda hata wewe ulijua, ila barua yangu haikuuliza chochote, ilihukumu tu.

Nilidhani aibu imefika mwisho wake. Alhamisi hii shemeji yangu Kashindye alikuja na baiskeli, na nyuma amefunga kitu kwenye gunia. Hakukaa. Alikishusha karibu na trekta, akakifungua, ikawa ni ile rimu ya lori, imesuguliwa majivu mpaka inang'aa. Akaniambia akitazama chini, "Mama amesema kama rimu ndiyo uliyokuwa huna, chukua hii." Nikamuuliza mama sasa anapikia nini. Akasema mawe matatu.

Shangazi, sikujua mtu anaweza kuchapwa namna hiyo bila fimbo. Antoni alipoiona akafurahi, akasema tuitundike hii kigangoni ilie, tuchukue ya kwetu, trekta litembee kesho. Kwa hesabu ya fundi ni sawa. Mimi nilimwambia asiiguse. Siwezi kuchukua jiko la mama mkwe, na siwezi kuteremsha kengele aliyoiomba yeye. Rimu ile imekaa hapo uani, nimeitandikia gunia isiguse ardhi. Trekta liko juu ya mawe yake, nimelifunika. Tangu siku ile sijaliwasha, maana mlio wake unafika mpaka kwao.

Kuirudisha mwenyewe siwezi, unajua. Mguu wangu haustahili tena kukanyaga uwanja ule mpaka mtu wa upande wa baba yangu anitangulie na kuniombea. Baba hayupo, na waliobaki huku ni vijana kama mimi, hawana maneno. Nimebaki na wewe. Najua magoti, najua safari ya kutoka Mbozi si mchezo, najua pia kwamba ningeandika mapema kama ningekuwa na uso. Nakuomba uje. Mbuzi wa kupeleka nimeshamfunga, ni jike, ananenepa vizuri.

Ukishuka hapa njia panda, usije kwangu kwanza. Nitamweka Antoni akupokee pamoja na rimu na mbuzi, uanzie kwa mama mkwe. Mwambie mimi sitaki kutetewa. Mwambie sikutafuta rimu tu mle ndani, nilikwenda kumkamata mwizi, na mwizi wa kuingia nyumba ya watu siku ya mnada nilikuwa mimi. Akitaka kunitoza, anitoze. Akimkataza Odeta asirudi, nitakubali, ila umwombe mtoto awe anakuja kuniona.

Nisalimie Paulo na mkewe, na watoto wote mpaka yule ambaye sijamwona. Antoni anakusalimu na Katekista Nestory pia. Watoto wangu wanasema uwaletee mahindi ya kwenu, yale meupe makubwa. Mungu akulinde njiani, akupe kiti cha dirishani na dereva mwenye busara.

Nimalize na hili. Leo ni Jumapili. Tangu siku ile mama mkwe hajakanyaga kigangoni, anachelea kunikuta. Nami nilipojua hivyo niliacha kwenda, nikamwomba Nestory amfikishie habari kwamba njia ni nyeupe. Asubuhi nilisimama mlangoni, maana njia ya kanisani unaiona yote ukiwa kwangu. Kengele ikalia. Watu wakapita, akina mama wa kigango wakapita na khanga zao za sare, na Odeta akapita na mtoto mgongoni, hakugeuka. Nilisimama mpaka nyimbo zikaanza. Ile kengele aliibeba yeye mwenyewe ili watu wasichelewe, Shangazi, na leo imeita kijiji kizima, yeye hakutoka.

Ni mimi mwanao, akupendaye na asiye na pa kuficha uso,

Luhaga