Timu Mbili Alizozivisha Mama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi, na wale watoto wangu ambao nyinyi wawili mmenizalia. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Mara ya mwisho ulisema unapanda ngazi za kazini kama mzee, nikacheka, halafu usiku sikulala vizuri. Sisi huku hatujambo. Baba anakula, analala, anagombana na redio kila taarifa ya habari inapoanza. Mgongo unamsumbua asubuhi tu. Mchana akisikia kuna mtu wa kucheza naye karata unapona wenyewe. Nyumba bado ina ule ukimya wa tangu mama atutoke, lakini tumeanza kuuzoea. Sasa tunaweza kumtaja tukiwa mezani bila mmoja wetu kuinuka kwenda kufuata maji ambayo hana kiu nayo.

Najua simu tunapigiana, lakini kwenye simu mimi siwezi kusema jambo likakaa. Wewe unauliza haraka, mtandao unakatika, watoto wanataka kunisalimia, na mwisho naona nimesema “hatujambo” mara kumi na hakuna nililoeleza. Kwa hiyo leo nimekaa chini niandike. Nawe vuta kiti.

Habari ya kwanza ni kwamba mwalimu wa michezo wa shule yetu ya zamani, ninapofundisha sasa, amestaafu, yule yule tuliyemwita Filimbi kwa sababu alikuwa anaipuliza hata darasani. Mkuu wa shule wa sasa, mama mmoja mpole wa sauti lakini mgumu wa maamuzi, aliniita ofisini akanikabidhi funguo za stoo. Akasema amesikia nimekulia kwenye jezi, basi nani mwingine ampe. Kaka, stoo ni ile ile ya chini ya ngazi za ukumbi, ambayo lazima uiname kuingia. Nilipofungua, harufu ilinipokea kama jamaa: jasho la miaka na miaka, ngozi ya mipira, sabuni ya mche. Nikasimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata.

Maana nilikukumbuka wewe ukiwa nahodha. Mwaka ule shule haikuwa na jezi hata za kusingizia. Kila mchezaji alikuja na fulana yake, na katikati ya mchezo mlikuwa mnawapa wapinzani pasi safi kabisa. Ukumbi ulipoletewa mapazia mapya, Filimbi akayaomba yale ya zamani, ya kijani kilichokolea, mazito kama blanketi, akayabeba begani hadi kwetu. Mama aliyageuza, akayanusa, akasema kabla hajajibu lolote inabidi yafuliwe. Kwa mama, hiyo ilikuwa ndiyo.

Unakumbuka foleni ya kupimwa? Timu nzima uani kwetu, mmevua mashati, mama na futi yake shingoni. Hakujishughulisha na majina. Kipa alimwita Mlingoti, beki wa kulia Mabega, na yule winga mwembamba alimwambia mbele ya watu wote, “Wewe mwanangu, nikimaliza kukushonea nitabakiwa na pazia zima la kufunika dirisha.” Mtoto wa watu aliona haya, lakini siku ya mechi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa.

Na suala la malipo alivyolimaliza! Filimbi alitaka kuandika nani katoa nini. Mama akakataa. Aliweka kikapu cha nguo barazani, akasema mwenye chochote akitumbukize akipita, awe na uzi, sabuni, au sarafu, na asiye na kitu apite tu, salamu yake inatosha. Halafu akakaa kwenye cherehani akakipa kikapu mgongo. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, nikamuuliza sasa atajuaje nani hajatoa. Akaniambia, “Ndiyo maana nimegeuka, mama.”

Nilikuwa natamani kucheza hadi naota. Lakini wasichana hawakuwa na timu, basi nikauingia uwanja kwa mlango wa nyuma: nikawa mtunza jezi. Nilizifua, nilizianika kwa kufuata namba, na nilijua kwa kunusa tu ipi ni ya nani. Ya kwako ilikuwa mbaya kuliko zote, nisikufiche. Mashabiki wa shule nyingine walikuwa wakiwaimbia “Vuta pazia! Vuta pazia!” na nyinyi mkipata goli watu wetu wakijibu, “Tumeshalifungua!” Halafu ile mechi ya mvua, rangi ilipochuja, mkatoka uwanjani mmekuwa kijani hadi ndani ya masikio. Wewe ulienda darasani wiki nzima kama mjusi. Sikumbuki hata mechi iliishaje. Nakumbuka tulivyorudi nyumbani tumelowa na mama anatungoja na beseni la maji ya moto. Hakuuliza matokeo. Aliuliza kama kuna mshono uliofumuka.

Haya, nirudi kwenye mambo ya sasa. Mwaka huu shule imeanzisha timu ya mpira ya wasichana, na hao ndio niliokabidhiwa. Ungewaona, kaka! Nahodha wao ni mshambuliaji, tunamwita Breki kwa sababu hajawahi kuwa nazo. Akipokea mpira anakwenda mpaka akutane na ukuta. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwa jezi za wavulana zilizochakaa, upepo ukivuma wanajaa kama mahema. Kisha ikaja barua ya mashindano kwamba timu isiyo na sare kamili haitaruhusiwa kuingia uwanjani.

Mkuu wa shule akaagiza kila mzazi alipie sare ya mwanawe. Nikagawa karatasi za kupeleka nyumbani, na kesho yake nikapata jibu bila kuambiwa neno: nusu ya timu haikuja mazoezini. Mmoja kichwa kinamuuma, mwingine ana mgeni, mwingine amekumbuka ghafla kwamba hapendi mpira. Niliwaona wakitoka shuleni kwa geti la nyuma ili wasipite uwanjani. Nikajilaumu. Mimi, mtoto wa yule mama wa kikapu, ndiye niliyegawa zile karatasi.

Nikaenda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikubali kulipia jezi, bukta na soksi, ila akataka picha yake iwekwe kifuani. Niliporudi kwa wasichana na habari hiyo, Breki akauliza kwa adabu zote kama wakifunga goli watamkumbatia nani. Mkuu wa shule yeye alisema tukubali, uso haumuumi mtu. Nikarudi dukani peke yangu, nikasimama kati ya misumari na makopo ya rangi, nikamwambia, “Mzee wangu, jezi inalowa jasho, inavutwa, inaburuzwa matopeni, na mwisho inasuguliwa kwenye beseni. Kweli unataka uso wako upitie hayo kila Jumamosi?” Akafikiri, akajishika shavu, akaangua kicheko. Akasema basi jina la duka, na liwe mgongoni.

Nikadhani nimemaliza. Sare zilipofika, bukta zilikuwa fupi na nyepesi, ukisimama juani anayekutazama anaona hadi mawazo yako. Breki hakuja tena. Nikamfuata mama yake saluni; ni msusi, alizungumza nami na chanuo mdomoni huku kichwa cha mteja kikiwa mikononi mwake. Akasema yeye hana ugomvi na mpira, hata yeye alikuwa na mbio utotoni. Shida ni baba mtu. Ameitazama ile bukta, ameikunja vizuri, ameiweka juu ya kabati pasipofikika, na amesema mwanawe hatoki nje nusu. “Mwalimu,” akaniambia, “nitafutie kitu cha kuvaliwa ndani, kifike gotini. Ukinipa hicho, baba yake niachie mimi, nitamsemesha mpaka achoke.”

Nilikwenda nyumba nyingine, nikasikia maneno hayo hayo kwa sauti tofauti. Na sheria ya mashindano inasema vya ndani viwe vya rangi moja kwa timu nzima. Mkuu wa shule akasema fungu la michezo limeisha. Mwenye duka sikuwa na uso wa kumrudia. Mshahara wangu ulikuwa umeshaingia kwenye paa la jikoni. Mechi ilikuwa Jumamosi.

Kaka, hapa ndipo nilipokuwa nachelewa kufika, na wewe umeshahisi, maana unanijua.

Baada ya mazishi, uliponyimwa ruhusa ya kusafiri, ulinipigia ukilia. Uliniomba jambo moja tu, kwamba sanduku la nguo za mama lisiguswe mpaka urudi, ulifungue kwa mkono wako. Nikakuahidi. Nimelifungua.

Nililifungua mchana, baba akiwa kalala. Magauni yake yalikuwa yamekunjwa alivyoyaacha, mikono imerudishwa nyuma kama watu waliofumbata mikono. Lile la njano la maua, lile la mirabaraba, la kahawia la kola kubwa, yote ya pamba, yote mapana. Nikakaa nayo sakafuni. Nilijaribu kumsikia angesema nini na sikusikia kitu, kwa hiyo sitakudanganya kwamba mama alinipa ruhusa. Uamuzi ulikuwa wangu. Niliona tu kwamba ninazo nguo zisizo na mwili, na huko nje kuna watoto wanaozuiwa kukimbia kwa kukosa kipande cha nguo. Nikachukua mkasi. La kwanza nililikata nikiwa nimefumba macho, na ndiyo maana suruali moja ya ndani ina mguu mrefu kuliko mwingine.

Mama yake Breki ndiye aliyeleta rangi, nyeusi, akasema nyeusi ndiyo kazi yake ingawa amezoea vichwa. Tukachemsha vitambaa uani kwenye pipa, yeye akikoroga, mimi nikikata na kushona kwenye cherehani ya mama, ambayo bado inakwama pale pale ilipokuwa inakwama. Baba akaamka. Akatokea mlangoni, akatazama pipa, akatazama sakafu. Nikaacha kushona. Nilidhani atanifokea, na kwa kweli nilitaka anifokee.

Akaokota kipande cha kahawia kabla hakijaingia kwenye rangi, akakishika kwa vidole viwili. “Hili alilivaa siku ile tuliyogombana mpaka jirani akaja kuamua,” akasema. “Alinishinda. Na mimi ndiye niliyekuwa na haki.” Akacheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akauliza lastiki iko wapi, akakaa kuikata vipande hadi giza likaingia, akilalamika kwamba wasichana wa siku hizi wana viuno vidogo.

Jumamosi timu nzima ilikuja. Baba yake Breki alikuja pia, akasimama mbali karibu na ukuta, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kukagua ukuta. Tulifungwa mawili kwa moja. Hilo moja ni la Breki: alipokea mpira katikati ya uwanja na kama kawaida yake hakusimama, akamwingia kipa, mpira na yeye wote wakalala wavuni. Baba yake aliruka, akakumbuka, akarudisha mikono kifuani. Breki alipoinuka bukta ilikuwa imepanda, na jua lilikuwa kali. Chini ya ile rangi nyeusi niliyaona maua ya gauni la njano, kwa mbali, kama kitu kilicho ndani ya maji. Nikainama nikaanza kupanga chupa za maji zilizokuwa zimeshapangwa.

Sijui utalipokeaje hili. Ukikasirika una haki, na niandikie ukiwa umekasirika hivyo hivyo, usingoje upoe. Mimi sijuti kwamba watoto walicheza. Nasikitika kwamba sikukuuliza, na sikukuuliza kwa sababu niliogopa utakataa.

Lakini moja halikukatwa. Jioni ile ya mkasi, baba alinyoosha mkono akalitoa kwenye rundo kabla sijalifikia: lile la samawati lililoshonwa upya kwapani, alilolivaa mama siku alipokusindikiza stendi. Alisema tu, “Hili la kaka yako.” Akalikunja mwenyewe, vibaya, akalirudisha sandukuni, akafunga. Sasa ufunguo anatembea nao mfukoni, anaucheza akisikiliza redio. Nimemwomba aniachie niuhifadhi, amekataa. Anasema mimi si mtu wa kuachiwa ufunguo.

Msalimie sana wifi, mwambie unga wake wa kuokea umefika salama na haukupasuka. Wabusu watoto, mkubwa mwambie shangazi ana timu. Majirani wote wanakusalimu. Baba anauliza utakuja lini, ila ameniambia nisiandike kwamba ameuliza.

Ubaki na afya, na goti likaze.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.