Paa la Bibi Lisilokuwemo Kwenye Filamu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, maana dada yangu alicheka katikati na sasa hatuelewani.

Mimi ni fundi wa mafriji, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, na tatizo langu ni filamu. Ile filamu ya Mtu-Sumaku, yule shujaa anayevuta vyuma kwa viganja, imetengenezwa upya, nikampeleka binti yangu mkubwa tukaitazama, nikatoka nimenuna, kwa sababu shujaa wa sasa hacheki, mvua inanyesha mwanzo mpaka mwisho, wanapigana gizani hata hujui nani kampiga nani, kila akitaka kurusha ngumi tunarudishwa kwanza utotoni mwake, na kilichonikera kuliko vyote ni kwamba wameliondoa paa la bibi.

Nikueleze hilo paa. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye jumba la sinema, na kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa kuingia, mimi na dada tulikuwa tukimpelekea chakula tunamkuta nje ya mlango, mgongo kauegemeza pale ili vijana wasipenye bure, kisha asubuhi yake, akinyoa ndevu, anatusimulia filamu yote. Kwenye Mtu-Sumaku mji unawaka moto, adui anasubiri, na shujaa anasimama njiani kumgongelea bibi kizee mabati yaliyong'olewa na upepo, misumari inarudi yenyewe kwenye matundu yake, na bibi anacheka, anamwambia, "Mwanangu, hao wabaya hawana haraka, kunywa maji kwanza." Mshauri, mimi nimekuwa fundi kwa sababu ya hilo paa.

Basi Jumapili moja baba alikuja kututembelea, binti yangu akamsimulia hii mpya, mzee akatikisa kichwa: "Wameondoa paa? Basi hiyo haina moyo." Nikaona hapa ndipo pa kuwaonyesha watoto kwamba zamani filamu zilikuwa filamu. Nikaitafuta ile ya kwanza mpaka nikaipata, nikawakusanya wote sebuleni, dada naye akaja, baba nikampa kochi, tukaanza. Vazi la shujaa limeshonwa kama pazia, nyaya zinazombeba zinaonekana, wanapigana polepole kama watu wawili wanaotoa godoro mlangoni, lakini nikajipa moyo, nikawaambia subirini paa. Paa halikuja. Pale nilipolitarajia nikasikia nyundo, nikainuka kwenye kiti, kumbe ni adui yuko shimoni anagonga mtambo wake, na mwanamke anayecheka ni mkewe.

"Baba, paa liko wapi?"

"Labda wamelikata."

"Hii haijakatwa, baba, ni nzima," nikarudisha nyuma, nikampitishia tena: nyundo, kicheko, shimo. Binti yangu akasema, "Kumbe babu mwongo!" tukaangua kicheko wote, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Baba akavaa kofia yake, akasema, "Ni uzee huu, wanangu," akaondoka kabla filamu haijaisha.

Tangu siku hiyo nikimpigia simu ananieleza hali ya hewa, kwamba kuna mawingu, kwamba kuna upepo, basi. Watoto wakimwomba hadithi anawajibu, "Mwombeni baba yenu, yeye ana ushahidi." Dada anasema nikaombe radhi, mimi namuuliza, niombe radhi kwa kusema kweli? Halafu naumia, maana miaka yote hii nimegombana na vijana wa kazini nikitetea filamu ambayo haijawahi kuwepo. Je, baba alitudanganya? Na nifanye nini ili aturudie?

Ni mimi, Mpenda Ukweli.

MSHAURI ANAJIBU

Mpenda Ukweli, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikaanza kutafuta mahali pa kukufinya.

Filamu zako mbili umezichambua vizuri, mvua ya hii na nyaya za ile, mhariri wangu akikusoma nitakosa kazi. Lakini kuna mtu mmoja kwenye barua hiyo hukumtazama. Umeandika kwa mkono wako kwamba baba yako alikuwa anasimama nje ya mlango. Nje, ndugu yangu. Ulidhani hiyo filamu aliitazama saa ngapi? Mimi sikuwepo, siwezi kuapa, lakini namwona mtu aliyeegemea mlango uliofungwa, anasikia nyundo zinagonga, anasikia mwanamke anacheka, na nyumbani ana watoto wawili wanaosubiri kuambiwa kilichotokea. Angeweza kusema hajui. Yeye akasikiliza nyundo na kicheko, akaona paa. Mwingine angesikia kelele zilezile akaona vita, maana kwenye filamu za namna hiyo vita ndiyo bidhaa.

Unauliza kama aliwadanganya. Kidogo, ndiyo; alipaswa kukwambia siku ulipoota ndevu. Lakini anayedanganya kwa faida yake hujiweka mwenyewe ndani ya hadithi, na sioni mahali mkaguzi wa tiketi anapotokea kuokoa mji. Tena hao walioitengeneza upya filamu yako, unadhani wamefanya nini? Wamechukua kile walichokumbuka, palipobaki wazi wakajazia cha kwao, mvua na majonzi. Hukuwaita waongo, umesema tu wamekukera. Baba yako naye alitengeneza ya kwake, na kwa maelezo yako mwenyewe ndiyo bora katika zote tatu.

Sasa nikugombeze. Kuuliza paa liko wapi hukukosea, hata mimi ningeuliza. Ulikosea uliporudisha nyuma. Mzee alikuwa ameshapata pa kutokea, "labda wamelikata," wewe ukapafunga mbele ya wajukuu zake kana kwamba mko mahakamani. Binti yako alimalizia tu ulichokianza. Ukweli ulikuwa umeshaupata mara ya kwanza. Ile ya pili ilikuwa ya nini? Jibu hilo jipe mwenyewe, usiniandikie.

Fanya hivi. Nenda kwake peke yako, bila watoto, bila simu mkononi. Mwambie, "Baba, nilikuaibisha, nisamehe." Usiweke "kama," ile ya "kama nilikuudhi", unajua kabisa ulimuudhi. Ukweli hauombewi radhi, kicheko chako ndicho kinachoombewa. Kisha muulize pale mlangoni alikuwa anasikia nini, halafu nyamaza, mwache aongee mpaka achoke mwenyewe. Ukirudi nyumbani mwambie binti yako, wadogo zake wakisikia, kwamba aliyekosea siku ile ni wewe.

Baada ya hapo mpeleke akaitazame hiyo mpya kabla haijaondolewa. Ndiyo, hiyohiyo ya mvua. Nendeni mchana watu wakiwa wachache, mkae viti vya katikati, mtazame mpaka taa ziwake. Kwa mtu aliyefanya kazi sinema, inawezekana kabisa ikawa ya kwanza kuiona nzima ukumbini. Akisinzia usimwamshe. Njiani usimuulize ipi bora, wala usimfafanulie asichokuuliza.

Wale watoto wako wawili wadogo hiyo mpya hawajaiona bado. Waache wamuulize babu yao ilikuwaje. Akianza kuwasimulia ataongeza kitu ambacho hakimo, na binti yako mkubwa atakugeukia, asubiri useme. Mshike mkono, mwende jikoni mkaoshe vyombo.