Mwanangu Analala Nje, na Sitaomba Radhi

Mpendwa Bi Solange,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi saa kumi na mbili jioni wakazi wa jengo letu hapa Grenoble, Ufaransa, wanakaa kikao, na ajenda ya nne, nimeisoma kwa macho yangu kwenye ubao wa pale chini, ni mimi. Jina hawakuandika, wameandika "mtoto anayetelekezwa uani", lakini jengo zima lina mtoto mmoja tu wa miezi minane, naye ni Asger wangu.

Mimi ni mtu wa Denmark, mume wangu Gaëtan ni mwenyeji wa hapahapa, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Kwetu mtoto hulala nje mchana, iwe jua iwe theluji, unamfunga vizuri kwa sufu, unamlaza kwenye kigari chake, unamwacha bustanini au hata mbele ya mkahawa na wewe unaingia kunywa kahawa yako, wala hakuna anayegeuza shingo, mimi nimelala hivyo, mama yangu kalala hivyo, na bibi yangu ana miaka tisini na moja na bado anaendesha baiskeli, basi nami humlaza Asger uani kila siku saa saba mchana, chini ya dirisha la jikoni kwangu, na kile kiredio kidogo cha kumsikilizia kiko mfukoni, na mtoto analala saa mbili nzima bila kukohoa hata mara moja.

Jumanne iliyopita niliingia kuanika nguo, sikumaliza dakika kumi, kuchungulia dirishani naona kigari kitupu. Bi Solange, sijui nilishukaje zile ngazi. Nilipiga mayowe mpaka mlango mmoja wa chini ukafunguka, akatokea Bi Ravanat, mjane anayekaa peke yake na paka, kampakata mwanangu, kamvika kofia ambayo si yetu, ananiambia bila haya, "Alikuwa anaganda, binti. Mimi hata paka wangu simlazi nje Januari."

Nikamwambia, "Umeniibia mtoto."

"Nimemwokoa. Huko kwenu labda mnawahifadhi kwenye barafu kama samaki, hapa sisi tunawalea."

Nikamwita mwizi, nikamwita kizee mchawi, Kifaransa changu kibovu lakini alinielewa vizuri sana, maana kabla jua halijazama jengo zima lilishajua kwamba anaiandikia ofisi ya ulinzi wa watoto na kwamba ana sahihi za watu watano.

Sasa Gaëtan ananiambia, "Muombe radhi tu, Sidsel, mtoto alale ndani, yaishe." Mama yake naye kanipigia simu, "Mwanangu, ukifika mji wa chongo nawe fumba lako moja." Nimemjibu kwamba macho yangu yote mawili nayahitaji kumtazamia mjukuu wake. Sitaki kuomba radhi. Sitaki. Lakini naiogopa ile barua, naogopa siku mtu nisiyemjua atakuja na faili mlangoni aanze kuniuliza kama nampenda mwanangu. Niende kikaoni nipambane nao, au nimeze machungu nikae kimya?

Sidsel, ghorofa ya kwanza

Sidsel,

Pole, kisha nisikilize. Kukuta kigari kitupu ni jambo ambalo simwombei hata adui yangu. Bi Ravanat hakuwa na ruhusa ya kumbeba mtoto wa mtu bila kukugongea mlango, na asikudanganye mtu, hata mumeo. Hapo umeonewa.

Lakini na wewe una lako. Miaka mitatu katika jengo moja, umeshawahi kugonga kwa mjane yule ukamwambia jina lako? Barua yako yote hii ndefu sijaona salamu hata moja. Mimi nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapo kwenu, na nakuambia, watu wetu humsamehe mtu mengi, ila si kupishana nao kwenye ngazi bila neno. Bi Ravanat aliona baridi, akaona mtoto, mama hamjui. Ulitaka aote kwamba Denmark ndivyo mlivyo? Neno "mchawi" kaliombee radhi, hilo tu. Kumlaza mwanao nje usiliombee radhi kwa kiumbe yeyote.

Mimi binti yangu nilimlea kwa midomo ya majirani. Wakisema kofia, kofia. Wakisema soksi mbili, soksi mbili. Leo ana miaka thelathini na minne na hawezi kununua pazia mpaka anipigie simu. Sijivunii hata kidogo.

Kesho mpeleke Asger kwa daktari wake, aandike kwenye kijitabu cha afya uzito wake na kwamba kifua ni kizima. Kisha gonga kwa Bi Ravanat, mtoto mkononi, kofia yake umeifua. Mwambie: "Analala saa saba mpaka saa tisa, mimi niko dirishani, akilia piga kengele yangu, usimchukue." Akikufungia mlango, shauri yake, umeshasema. Maneno hayohayo yaandike kwenye karatasi ubandike kigarini, na namba yako ya simu. Na zile siku ambazo moshi unalala bondeni hata milima haionekani, mwingize ndani bila ubishi, ile si hewa ya kwenu. Watu wa ile ofisi wakija, wafungulie, wape kahawa, wawekee Asger mapajani. Mtoto mnono anayecheka hahitaji wakili.

Alhamisi nendeni wote watatu, mkae mstari wa mbele. Ikifika ajenda ya nne, usisimame wewe. Wewe umeshapigana vya kutosha peke yako. Asimame Gaëtan, kijana wa hapa, aseme kwa Kifaransa chake kizuri mbele ya wale watano: "Mtoto huyu ni wangu, na analala uani kwa sababu mama yake na mimi tumeamua hivyo." Akishindwa kulitamka hilo, mwache Asger alale kitandani kwenu, na baba yake akalale uani.

Solange