Siku ya Uhuru Uani kwa Kogo

Sigowet,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpendwa,

Kwanza nauliza goti lako, kama bado linakusumbua ukiinuka asubuhi, na kama baridi ya huko Nyandarua imeviacha viazi au imeviunguza. Sisi huku tuko wazima. Wambui ameota meno ya juu na sasa anauma kila kitu, hata bega langu. Baba yake anaendelea na kazi kiwandani, na mimi nachuma majani chai kwa shamba la mwenye nyumba wetu. Ni mama mzee Mkipsigis, sote tunamwita Kogo, yaani nyanya.

Mama, juzi kwa simu uliniambia nimlete Wambui kwako kabla siasa ya uchaguzi haijapamba moto. Sikukujibu. Ukianza kulia mimi husahau maneno, ndiyo maana naandika, ndugu yangu Kamau akusomee polepole. Najua kwa nini unaogopa. Wewe ulifukuzwa hapa Kericho katika fujo za uchaguzi, kwa kuwa sisi ni Wakikuyu, nikiwa bado nanyonya, na hujakanyaga tena. Kwa hivyo nilikuwa nimeshaanza kufunga nguo za mtoto.

Halafu ikafika siku ya uhuru wa Sudan Kusini. Jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Ajak, ametoka huko, na anashona nguo sokoni. Alishona bendera yao mwenyewe, akaianika kwa kamba ya nguo, akapika, akatuita. Inafanana sana na yetu, ila ina pembetatu ya buluu yenye nyota. Kogo alitoka shambani na kikapu mgongoni, akaiangalia.

"Nani ametia bendera ya Kenya kiraka?"

"Hiyo ni yetu, Kogo," Mama Ajak akasema.

"Basi mlikopa kitambaa kwetu. Mtarudisha lini?"

Tulicheka mpaka Wambui akashtuka.

Kogo akaleta kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando yenye unga wa mkaa wanayompa mtu wa kupongezwa. Mimi mpaka leo nayameza nimefunga macho. Mama Ajak alikunywa, akanywa tena. Akasema maziwa ya mama yake yalikuwa karibu hivyo, kabla ng'ombe hawajachukuliwa vitani.

Nikamuuliza, "Sasa unasherehekea nini, na vita vilirudi?"

"Ile siku tulidhani vimekwisha. Tulicheza barabarani mpaka viatu vikakatika. Nataka mwanangu Ajak ajue amani ilikuwa tamu namna gani."

Hapo Kogo akaona mfuko wa nguo mlangoni kwangu.

"Mtoto anaenda wapi?"

"Kwa cucu wake, mama yangu, mpaka uchaguzi upite."

"Na mimi ni nani wake?"

Mama Ajak akasema, "Mimi nilibeba mtoto nyumba ikiwa inaungua. Yako inaungua?"

Kogo akaketi. Akasema mwaka ule wa fujo, wachumaji walipokimbia, chai yake ilikua mpaka ikawa miti, mtu hafikii juu. "Tukakaa na miti yetu. Tulikunywa nini? Hasira?" Siku hizi yeye na akina mama wa kanisa huwaketisha vijana wa bodaboda, wa kwao na wa kwetu pamoja, na anayeleta maneno ya kabila hapewi chai.

Mama, sisemi hakuna maneno. Yapo. Lakini nimezitoa zile nguo kwa mfuko. Nikimtoa Wambui sasa, atakua akijua hapa ni mahali pa kukimbia, kama mimi nilivyokua. Mtoto simleti. Njoo wewe, shule zikifungwa, Kamau akusindikize. Najua ninachokuomba si kidogo. Ukishuka stendi utanikuta nimembeba, na mkono wangu mmoja utakuwa wazi kwa ajili yako. Kogo anasema chumba cha wageni kipo, na kwamba anataka kumwona huyo nyanya mwenzake.

Nisalimie Kamau, asiruke mistari. Msalimie tata, shangazi yangu anayeuza kabeji, na mama mchungaji aliyetuombea harusini.

Nalala nikikuwaza,
binti yako,
Wanjiru, Mama Wambui